Mwaka wa Goli la Waya

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa kumfundisha mtu mzima jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisoma nusu. Nilikuwa na miaka kumi na moja, darasa la tano, na yeye alikuwa na ndevu. Ninalikumbuka kila ninapopita mahali wanapochomelea chuma, kwa sababu harufu ile ya kijiti cha kuchomelea kinachoungua na rangi ya zamani inayobabuka hunirudisha moja kwa moja kwenye uwanja wa mpira wenye udongo mwekundu uliolowa, umati mzima umegeuza migongo, na mimi nimejibanza nyuma ya gurudumu la pikapu nikiomba ardhi ipasuke. Haikupasuka. Geita ardhi hupasuka kwa wanaotafuta dhahabu tu. Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Uandishi sikufundishwa na mtu, nimejifunza mwenyewe kwa kusoma na kunakili, na sentensi ile ya kwanza hapo juu nimeiandika mara tisa. Hata hivyo hadithi yenyewe ni ya furaha, na nikiikumbuka nacheka peke yangu njiani mpaka watu wananitazama.

Tulikaa Kalangalala, hapo Geita mjini, kwenye nyumba ya vyumba vitatu ambayo baba aliijenga kabla hajapata kazi Shinyanga, akawa anarudi mwisho wa mwezi. Mama aliuza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga za kukaanga mbele ya nyumba, na tangu asubuhi nguo zetu zote zilinukia karanga. Chumba cha uani alikaa Mjomba Mabula, mdogo wake mama, aliyekuwa mwaka wa pili katika chuo cha ufundi kule bondeni, akisomea uchomeleaji. Alikuwa mnene, mpole, na kipa wa timu ya chuo. Madaftari yake aliyaweka juu ya kabati la vyombo, na mimi nilipomaliza vitabu vyangu vya shule nilianza kuyasoma hayo. Hakuna aliyenituma. Nilipenda maneno yaliyopangwa kwa namba, hatua ya kwanza, hatua ya pili, kwa sababu mtu akiyafuata hawezi kulaumiwa. Niliyanakili yote kwenye daftari langu, kwa mwandiko mzuri kuliko wa mjomba, nikapiga mistari kwa rula, na nikikosea herufi moja nilichana ukurasa nikaanza upya. Mama alikuwa akisema madaftari yangu yanakonda kuliko ng'ombe wa kiangazi. Kwa hiyo nilizijua hatari zote za mashine ya kuchomelea kabla sijaigusa hata waya wake.

Chuo cha mjomba watu walikiita Mafundi. Upande wa pili wa mji, juu mwinukoni, palikuwa na chuo cha ualimu, na hicho walikiita Walimu. Kila mwaka, mvua zikishakolea, timu za vyuo hivyo zilicheza mechi moja tu, na mechi hiyo moja ilitosha kuuzungumzisha mji mwaka mzima. Nilipokuwa mdogo zaidi waliocheza walikuwa wanafunzi kweli, vijana wembamba wanaokimbia na njaa. Kisha dhahabu ikaingia uwanjani. Mafundi walipata mfadhili, Mama Minza, mwenye duara la kuchimba mawe ya dhahabu na makarasha ya kuyasagia kule Nyarugusu, mwanamke wa sauti kubwa aliyeongea na mtu wa karibu kana kwamba karasha bado linanguruma. Walimu nao wakampata Mzee Sudi, mnunuzi wa dhahabu mwenye duka dogo karibu na stendi. Huyu alikuwa wa sauti ya chini, na alipima kila kitu; hata sukari ya chai yake aliitazama kwenye kijiko kama anayesubiri namba itokee. Wiki nzima wawili hawa walifanya biashara pamoja. Dhahabu ya Mama Minza iliishia kwenye mizani ya Mzee Sudi. Mama Minza aliamini mizani ile inamwonea, na Mzee Sudi aliamini dhahabu ile haijasafishwa vizuri, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kumwacha mwenzake, ubishi wao wote waliuhamishia kwenye mpira.

Malipo waliyotoa kwa wachezaji yalifanana na wao wenyewe. Mzee Sudi alilipa vitu vinavyoonekana: baiskeli, godoro, simu ikiwa bado kwenye boksi lake. Mama Minza alilipa mawe. Mchezaji aliahidiwa mifuko kadhaa ya mawe kutoka kwenye duara lake, mawe ambayo hayajasagwa, akayabeba bila kujua kama ndani mna pikipiki au vumbi la kuzibia ukuta. Habari zikasambaa. Vijana wa Kahama, wa Kigoma, wa Mwanza wakaanza kuonekana kwenye orodha za wanafunzi wiki tatu kabla ya mechi, wakapotea siku ya pili yake. Tuliwaita mamluki. Mwaka mmoja mshambuliaji wa Mafundi alipewa mawe yake mapema, akayasaga siku moja kabla ya mechi, akakuta dhahabu ya maana. Saa ya mechi alikuwa kwenye basi la Bukoba, na jezi yake ilikuwa bado inaning'inia kwenye kamba ya nguo pale kwetu. Mama Minza alikasirika mpaka akacheka. Kuanzia hapo akawa analipa mpira ukishaisha.

Kilichowaaibisha wakuu wa vyuo zaidi ni beki mmoja wa Walimu. Mgeni rasmi, alipokuwa akipeana mikono na wachezaji, alimuuliza anajiandaa kufundisha somo gani. Akajibu, "Mimi beki." Mwaka uliofuata wakuu walikaa wakakubaliana jambo ambalo sijawahi kusikia likifanyika mahali pengine: usaili. Kila chuo kingempa mwamuzi bahasha yenye maswali na majibu ya masomo yake. Kabla ya mpira kuanza, kila timu ingechagua wachezaji watatu wa upande wa pili, na kila mmoja angeulizwa swali moja palepale katikati ya uwanja, mbele ya watu. Aliyeshindwa alikaa nje, na nafasi yake haikujazwa. Watu walikuja mapema kwa ajili ya usaili kuliko walivyokuja kwa ajili ya mpira. Wafadhili hawakukata tamaa. Walichofanya ni kutafuta mamluki wanaofundishika.

Ndipo alipokuja Hamisi. Alikuwa kijana wa Kigoma aliyefanya kazi kwenye winchi pale Nyarugusu, akivuta mifuko ya mawe kutoka shimoni kutwa nzima, na Mama Minza alimwona siku moja akipiga mpira wa makaratasi ukapita katikati ya matairi mawili ya lori lililokuwa linatembea. Shule aliishia darasa la nne. Mama Minza alimleta kwetu jioni, akasimamisha pikapu mbele ya meza ya karanga.

"Shikamoo mama," mama yangu alimsalimia.

"Marahaba, Mama Masele. Nimekuletea mgeni. Atalala na Mabula, atakula kwako, chakula juu yangu. Ndiye namba tisa wetu."

Mjomba alimtazama Hamisi kuanzia miguuni, akaridhika na miguu, akafika kichwani akasita. "Na usaili, mama? Huyu atajibu nini?"

"Si una madaftari? Mfundishe."

"Mwandiko wangu hata mimi mwenyewe unanishinda." Kisha akaninyooshea kidole. "Mwulize mpwa wangu. Ameyanakili yote."

Mama Minza aligeuka. "Wewe mtoto, unajua kuchomelea?"

"Sijui kuchomelea," nilisema. "Najua maswali."

Alicheka mpaka karanga zikatikisika kwenye ungo. Akaniahidi kwamba Hamisi akipita usaili nitapata viatu vya mpira, vyenye njumu. Nilimuuliza kama vitakuwa vya namba yangu, maana nilizoea kununuliwa viatu vya kukulia, akasema vya namba yangu. Sitajisafisha hapa. Nilielewa vizuri kwamba nimenunuliwa, na nilifurahi. Katika timu nzima ya Mafundi mwaka ule mimi ndiye niliyekuwa mamluki mdogo kuliko wote.

Tulisoma wiki tatu, kila jioni akishuka kutoka Nyarugusu, tukikaa kwenye mkeka uani hadi giza linapoanza kuficha herufi. Hamisi alinuka grisi na udongo wa shimoni. Aliweka kidole chini ya kila neno, kidole kinene chenye kucha nyeusi, na neno likimshinda alilizunguka kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba. Nilikuwa mwalimu mkali. Nilimrudishia swali hadi alitamke jibu kama lilivyo kwenye daftari, bila kuongeza wala kupunguza. Mjomba, akiosha miguu yake pembeni, alimtania. "Waha ninyi mnafundishika kweli?" Hamisi naye hakukubali. "Ngosha, nyinyi Wasukuma mnafundishwa na watoto wenu. Mimi naona aibu iko upande wenu." Mama alimletea michembe na chai, akasema mgeni aachwe ale kwanza. Nyumba yetu haikuwahi kuwa na kelele nzuri kama zile. Nilikuwa mtoto ninayeamka kukagua begi la shule mara tatu, lakini wiki hizo nililala.

Shida moja ya Hamisi ilikuwa kuuliza kwa nini. Nilimfundisha kwamba waya wa ethi ufungwe kwenye chuma kabla ya kuanza kazi, akauliza kwa nini. Nikamwambia imeandikwa. Nilimfundisha kwamba kutu isuguliwe kwanza, akauliza kwa nini, nikamwambia imeandikwa. Siku tuliyofika kwenye vijiti vya kuchomelea tulikaribia kugombana. Mstari wa mwisho wa ukurasa ule ulisema kwamba vijiti vilivyolowa maji visitumike.

"Kwa hiyo vinafanywaje?" aliuliza.

"Vinatupwa."

"Vyote? Pakiti nzima?"

"Vyote."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa amwage ugali kwa sababu umepoa. "Vitu vya hela hivyo, mwalimu. Mvua moja tu unatupa pakiti?"

Nilihisi masikio yangu yakipata moto. Hadi leo sivumilii mtu kutilia shaka nilichoandika na kupiga mistari kwa rula. Nikamwambia jibu ni jibu, na kama hataki nitamwambia Mama Minza atafute namba tisa mwingine. Hamisi aliinama juu ya daftari. "Haya, mwalimu. Vinatupwa." Akaisema mara tano kama nilivyotaka.

Siku ya mechi mvua ilinyesha asubuhi ikaacha saa sita. Mechi ilikuwa uwanja wa Mafundi, na hapo lazima nieleze jambo ambalo lilikuwa aibu yetu ya kila siku. Goli la upande wa karakana lilikuwa la mabomba ya chuma, na mtambaa panya wake ulikuwa umeachia kwenye kona moja tangu miaka miwili kabla. Chuo kizima cha ufundi, chenye darasa la uchomeleaji na mashine zake, kilikuwa kimelifunga goli kwa waya. Kila mtu alisubiri mtu mwingine alitengeneze. Mashabiki wa Walimu walikuja wameshika vipande vya waya mikononi, wakivitikisa juu. "Mafundi, leteni waya." Mama Minza hakuwajali. Aliegesha pikapu yake pembeni ya uwanja, nyuma imebeba jenereta kubwa la makarasha, na juu ya jenereta spika mbili ambazo zilipiga muziki hadi madirisha ya madarasa yakatetemeka. Mzee Sudi alikaa upande wa pili kwenye kiti chake cha kukunja, kanzu nyeupe, viatu juu ya kipande cha boksi visiguse tope.

Usaili ulianza. Sisi tuliwachagua watatu wao, na wa mwisho alikuwa kipa mwenye kipara ambaye mji mzima ulijua kwamba mwezi mmoja kabla alikuwa akiuza nyanya Kahama. Aliulizwa sehemu za andalio la somo. Alizitaja zote, polepole, macho yamefumbwa, jasho likimtiririka, na alipomaliza upande wa Walimu walimbeba juu kabla hata mpira haujaanza. Kisha wao wakawachagua wetu. Wawili wa kwanza walikuwa wanafunzi halisi, wakapita. Mzee Sudi alimnong'oneza nahodha wake, na nahodha akanyoosha kidole kwa namba tisa.

Hamisi alitembea hadi katikati. Mwamuzi alifungua karatasi, akasoma kwa sauti, "Vijiti vya kuchomelea vikilowa maji, fundi afanye nini?"

Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile ya nusu dakika. Swali letu. Mstari wangu. Nilikuwa nimesimama mbele kabisa, nimeshika daftari kifuani, na midomo yangu ikalitamka jibu kimya kimya. Nilikuwa tayari naona viatu.

"Anavikausha," Hamisi alisema. "Vikikauka, kama ganda lake halijabanduka, anavitumia."

Na mimi nikapaza sauti. Hadi leo najiuliza ni nani aliyenisukuma, na najua ni mimi mwenyewe. Sikuweza kusikia kosa likipita bila kulisahihisha. "Siyo hivyo, Hamisi. Tulisema vinatupwa. Vinatupwa."

Muziki ulikuwa umezimwa kwa ajili ya usaili. Sauti yangu ilifika hadi kwenye goli la mbali. Mwamuzi alitazama karatasi yake, akanitazama mimi, akasema taratibu, "Karatasi inasema vinakaushwa." Mtu mmoja akaanza kucheka, halafu safu nzima, halafu uwanja wote, na ndani ya kicheko hicho Mzee Sudi alinyanyuka kwenye kiti chake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla ya mapumziko.

"Mwamuzi," alisema kwa sauti yake ya chini, na watu wakanyamaza ili wamsikie. "Huyu amejibu sawa, sikatai. Lakini mwalimu wake ni yule mtoto pale, na mwalimu mwenyewe hajui. Mtu anayefundishwa na mtoto wa shule ya msingi ni mwanafunzi wa chuo gani?"

Mama Minza alishuka kwenye pikapu. "Wewe kipa wako mwezi uliopita alikuwa anafundisha nyanya?"

"Wangu hajashtakiwa na mwalimu wake hadharani."

Walimwita Mwalimu Ngusa, mkufunzi wa uchomeleaji, mzee mrefu mwenye macho mekundu ya kazi. Wakamuuliza kama anamjua Hamisi. Kila Mfundi aliyekuwepo alitamani adanganye kidogo. Alisema, "Kwenye daftari langu la mahudhurio hayumo." Nikaona mjomba akivua glovu zake polepole. Bila Hamisi tungecheza kumi, na sababu ingekuwa mimi. Kisha Mwalimu Ngusa akaongeza, "Ila wiki ya pili hii namwona karakana. Anakuja saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kwenda machimbo, anafagia. Nilidhani ni mfagiaji mpya. Juzi nilimkuta anachomelea kipande cha nondo, sikumfukuza kwa sababu alikuwa anakifanya vizuri."

Mzee Sudi alitafakari. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Alitaka kitu kipimwe. Akageuka, akalitazama goli la waya. "Basi tupime. Mwacheni alichomelee lile. Likishika, acheze. Lisiposhika, akae nje." Mashabiki wake wakapiga makofi, wakidhani ametuzika. Mama Minza akasema, "Jenereta ninalo."

Mashine ililetwa kutoka karakana ikisukumwa kwenye toroli. Vijiti vililetwa vikiwa na maji. Paa la stoo lilikuwa linavuja, na pakiti iliyofunguliwa ilikuwa imelowa na mvua ya asubuhi ile. Mwalimu Ngusa alivishika, akavipangusa, akampa Hamisi na kurudi nyuma. Hamisi alivitazama, kisha kwa mara ya kwanza siku ile akanitafuta kwa macho kwenye umati. Mimi nilikuwa nimeshakimbilia nyuma ya gurudumu la pikapu. Nilimwona kupitia chini ya gari akija, miguu yake yenye soksi za bluu, akipanga vijiti kimoja kimoja juu ya bomba la moshi la jenereta lililokuwa la moto, akivigeuza kama mtu anayechoma mahindi. Uwanja mzima ulisubiri vijiti vikauke. Mama aliuza karanga zote alizokuja nazo.

Alipopanda juu ya meza waliyoisogeza chini ya goli, akavaa miwani, Mwalimu Ngusa alitoa amri ambayo bado naiona. Alisema asiyekuwa na miwani ageuke, macho yake ni ya maisha yote. Na watu wote wale, Mafundi na Walimu, wenye waya mikononi na wasio na waya, Mzee Sudi na kiti chake, waligeuza migongo yao kwa kitu ambacho kila mmoja alikuwa anakufa kukitazama. Nami nikageuka. Tulikiona kwenye ukuta mweupe wa darasa tu, mwanga wa bluu ukiruka na kuzima chini ya mawingu, na harufu ile ikaja. Mlio ulipokatika, Hamisi aligonga magamba kwa nyundo, akasubiri chuma kipoe, akakata waya.

"Nani analipima?" mwamuzi aliuliza.

Mjomba Mabula, kilo zake zote, alirukia mtambaa panya akaning'inia. Akajisukuma mbele na nyuma. Akanyanyua magoti. Goli likatulia kimya kama limezaliwa hivyo. Mashabiki wa Walimu walitazamana, kisha wakaanza kurusha vipande vyao vya waya hewani, na sisi tukarusha kofia.

Mpira wenyewe uliisha kwa sare ya bao moja kwa moja. Naujua kila mguso wake lakini nitasema mmoja tu. Dakika za mwisho, Walimu wakiwa wanalilinda goli lile lile, Hamisi aliupata mpira nje ya kumi na nane, akaupiga shuti ambalo kipa wa nyanya hakuliona hata kidogo. Lilikwenda juu kushoto, likapiga kona ya mtambaa panya, palepale penye weldi yake mpya, likarudi uwanjani. Goli lile lingekuwa bado limefungwa waya, mtambaa panya ungechomoka na mpira ungeingia, na sisi tungebishana mpaka leo kama ni goli. Hamisi alisimama akapagusa kwa macho, akaanza kucheka, na kipa naye akacheka, na filimbi ikapigwa watu wawili wa timu mbili wakiwa wameshikana mabega.

Aliponikuta nyuma ya pikapu nilikuwa nimelia hadi kwikwi. Alichuchumaa, ananuka ile harufu.

"Ulijua tangu lini?" nilimuuliza.

"Kesho yake tu. Nililowesha kimoja, nikakianika juu ya bati, kikawaka vizuri."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungechana daftari zima."

Nikalifungua daftari la mjomba, ambalo nilikuwa nimelibeba pamoja na langu kama ushahidi. Ukurasa ule na uliofuata zilikuwa zimegandana kwa uji. Nilizitenganisha kwa ukucha. Juu ya ukurasa wa pili, kwa mwandiko mbaya wa mjomba, yalikuwepo maneno matatu niliyoyakosa: kabla ya kukaushwa.

Mama Minza alikuja na deni lake la maneno. Alimwambia Hamisi kwamba alimwahidi mifuko mitano ya mawe kwa goli, na yeye amempigia mtambaa panya, lakini mifuko miwili atampa kwa ajili ya heshima. Hamisi alisimama, akafuta mikono kwenye jezi. Alisema mawe hataki. Anaomba alipiwe ada pale chuoni, aandikwe kwenye daftari la Mwalimu Ngusa.

Mama Minza aliweka mikono kiunoni. "Mimi nilikuwa nanunua miguu. Wewe unaniuzia mikono?"

"Miguu utaipata bure, mama, mpaka nimalize."

Alitazama goli, akatazama upande wa Mzee Sudi aliyekuwa anakunja kiti chake, na nadhani ni hapo alipokubali, kwa sababu alipaza sauti makusudi ili yule mzee asikie. "Haya. Mwaka kesho namba tisa wangu atakuwa na cheti." Kisha akanitazama mimi na macho yangu yaliyovimba. "Na wewe, mwalimu mbaya, amepita. Viatu vyako unavyo." Aliniletea wiki iliyofuata. Vilikuwa vya namba yangu, na nilivivaa ndani ya nyumba siku mbili kabla ya kuthubutu kuvitia tope.

Mzee Sudi hakukubali kuzidiwa. Mwezi wa kwanza alimlipia ada kipa wa nyanya, na kipa yule akamaliza chuo akaenda kufundisha hesabu kwenye shule moja njia ya Nyarugusu. Kwa miaka kadhaa wafadhili wale wawili walishindana nani ana wachezaji wengi waliomaliza masomo, huku wakiendelea kugombana juu ya mizani, na usaili ukafa wenyewe kwa kuwa kila aliyeulizwa alijua jibu. Siku hizi vyuo vile vimekuwa vikubwa, mchezaji anasajiliwa kwa ujumbe wa simu akiwa hajafika mjini, na malipo yanaingia bila mtu kubeba mfuko begani. Uwanja una magoli mapya. La zamani lilipong'olewa, Hamisi aliichukua ile kona, na ipo imening'inizwa juu ya mlango wa karakana yake pale Kalangalala, ambapo anafundisha vijana wanne na hajawahi kumwambia hata mmoja kwamba kitu kiko hivyo kwa sababu imeandikwa. Mjomba Mabula anafanya kazi naye na amenenepa zaidi.

Mimi huenda pale jioni na karatasi zangu, nakaa kwenye benchi la nje. Bado nina wasiwasi, na bado nachana kurasa. Kilichobadilika ni kwamba mtu akinijibu tofauti na nilivyosoma, namuuliza kwanza ameona wapi.